Kibao cha Komple

Nyuma ya mlango wangu, hapa Bunia katika kartye ya Lumumba, kuna kibao cha bati kilichopakwa enameli nyeupe. Upepo wa kabla ya mvua ukiingia, mlango hugonga ukuta na kibao hulia ke-ke-ke, sauti kavu ya sahani ya zamani. Wanangu wameizoea, hawaisikii tena. Mimi kila nikiisikia napata harufu ya makayabo, wale samaki waliopasuliwa wakatiwa chumvi na kuanikwa juani, na nyuma yake harufu ya mihogo iliyolowekwa ndani ya beseni la kuogea la Wazungu. Nisameheni. Najua si harufu za kumkaribishia msomaji. Lakini ndizo harufu za hoteli kubwa kuliko zote nilizowahi kulala, na nililala humo zaidi ya mwaka mzima.

Hoteli yenyewe ilikuwa ukingoni mwa Ziwa Albert, si mbali na Kasenyi. Ukitoka Bunia unaiacha baridi juu ya milima, barabara inateremka ikijipindapinda, na huko chini joto linakupokea kabla hujasalimiana na mtu. Jina lake la Kifaransa lilikuwa refu, lenye madaha mengi. Watu wa ziwani hawakuwa na muda nalo, wakalikata wakabakiza Granoteli.

Wabelgiji ndio walioijenga, enzi za meli ya moshi iliyokuwa ikivuka ziwa kuleta wasafiri kutoka upande wa pili. Wakubwa wa migodi ya dhahabu waliteremka huko kila Jumamosi na wake zao wenye kofia. Walikuwa na mashine yao ya umeme wakati pwani nzima ilikuwa ikiwasha vibatari. Walikuwa na barafu. Walikuwa na ukumbi wa dansi wenye sakafu ya mbao, na uwanja wa tenisi, na veranda ndefu iliyotazama maji, ambapo waliletewa limonadi kwenye bilauri. Mtu mweusi aliingia humo kwa mlango wa jikoni, na ilimpasa awe amebeba kitu.

Uhuru ulipofika hoteli ikawa ya Leta, ndivyo tunavyoiita serikali kwetu. Halafu ikawa ya mkubwa mmoja wa Kinshasa, aliyepewa bila kuiona na akafa bila kuiona. Halafu ikawa ghala la samaki, halafu shule kwa muda, halafu kambi ya askari, ambao waliibandua milango ya vyumba wakaipikia maharagwe. Walipoondoka wakaingia mbuzi. Baada ya mbuzi tukaja sisi.

Tulikuwa watatu: mama yangu, bibi yangu na mimi, mtoto wa miaka saba niliyeitwa Sifa. Baba alikuwa amefariki kabla sijaijua sura yake. Vita vilikuwa vimeingia kijijini kwetu juu milimani, nyumba zikachomwa, na tukashuka kwa miguu pamoja na wengine kuelekea ziwani. Bibi tulimwita Koko, kama wengi wanavyowaita wazee wao huku. Alikuwa mdogo wa mwili, mkubwa wa kiburi. Mama alikuwa akisema kwamba Koko akijikwaa kwenye jiwe, ni jiwe litakaloomba msamaha.

Njia tuliyoijia ilitufikisha nyuma ya hoteli, mbele kabisa ya ule mlango wa jikoni. Ulikuwa wazi, na watu walikuwa wakipita humo na mafurushi yao. Miguu yangu ilikuwa imevimba. Koko alisimama akautazama, kisha akashika mkono wangu akaanza kuizunguka nyumba nzima, kupita kwenye majani marefu yenye miiba, hadi tukafika kwenye ngazi pana za mbele zinazotazama ziwa.

"Siye tunapita huku," akasema.

Mama alikuwa amechoka mno kubishana naye. Tukapanda ngazi, Koko mbele, kichwa juu, furushi kichwani, akapita katikati ya lango lisilo na mlango kama mtu aliyealikwa arusi.

Maisha ya Granoteli yalikuwa na utaratibu wake, na msidhani kila siku tulikuwa tukilia. Namba za Kifaransa zilikuwa bado zimepakwa juu ya kila chumba, nasi tukaanza kuitana kwazo. Sisi tulikuwa watu wa Nefu, chumba cha tisa. Jirani yetu wa ghorofani, mjane mwenye sauti ya kuamsha kijiji, alikaa kwenye chumba cha kumi na nne, akaitwa Mama Katorze, na mpaka leo sijui jina alilopewa na wazazi wake. Mabeseni ya kuogea yalilowekwa mihogo. Uwanja wa tenisi ulilimwa lenga-lenga, mboga laini iliyotulisha msimu mzima, na jioni viboko wakitoka majini kuja kuila, Mama Katorze aliwafukuza kwa kugonga sufuria huku akiwatukana ukoo mzima. Makayabo yalianikwa juu ya ukuta wa veranda. Nilidhani hoteli zote za dunia ziko hivyo.

Sasa niwaeleze kibao. Koko alipokimbia hakubeba sufuria, hakubeba hata jembe. Alibeba kikwembe chake kimoja cha zamani, kitenge cha kujifunga kiunoni, na ndani ya kikwembe hicho alikuwa amefunga kile kibao cha bati. Mama alikigundua tukiwa njiani na akakaa chini kabisa katikati ya barabara kwa hasira. Kilikuwa na neno moja, herufi nyeusi kwenye weupe: COMPLET. Sikujua kusoma, lakini Koko alikuwa amenifundisha kinavyosema. Kinasema komple.

Wenzangu mnaojua Kifaransa, nyamazeni kwanza, niacheni nimalize. Kwa Kiswahili chetu komple ni nguo zinazokwenda pamoja. Koti na suruali za kitambaa kimoja ni komple. Libaya, ile blauzi ya wanawake, na kikwembe vya rangi moja ni komple. Mtu akipita amependeza, tunamwambia, "Leo umevaa komple," naye anatembea polepole ili na wengine wamwone. Mimi sikujua maana nyingine. Kwangu kibao kile kilikuwa kibao cha kusifia watu waliovaa vizuri, na Koko mwenyewe ndiye aliyenipa maana hiyo, kwa hadithi ya arusi yake.

Alipenda kuisimulia akichambua maharagwe. Mume wake, babu yangu Zakaria, alikuwa fundi cherehani. Mapazia yote ya Granoteli alikuwa ameyashona yeye, akayapeleka kwa mlango wa jikoni akiwa ameyabeba begani. Siku alipomwoa Koko aliwashonea wote wawili nguo za kitambaa kimoja, yeye koti na suruali, mke wake libaya na kikwembe, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukiona pwani ile. Walipotoka kanisani akamwambia kwamba leo watakunywa limonadi kwenye veranda ya Granoteli, waone mapazia yake yakipepea.

"Sifa, kama ungetuona," Koko alisema, na hapo maharagwe yalikuwa yakisimama. "Tulipanda zile ngazi za mbele, mukono ndani ya mukono. Batu bote ku njia banatuangalia. Tunafika ku mulango, muzungu moja anatoka. Anatuangalia juu, anatuangalia chini. Haseme kitu. Anaingiza mukono nyuma ya meza yake, anatosha kibao, anatundika ku musumari mbele ya macho yetu."

"Kibao inasema nini?" niliuliza kila mara, ingawa nilijua.

"Mi sikujua kusoma. Muzee wangu alijua, balimufundisha ku misheni. Alisoma, akanyamaza kidogo. Kisha akacheka, akanishika mukono akaniambia: 'Beko banatusifu. Bameandika komple.'"

Hapo Koko alicheka, nami nilicheka, na mama, kama alikuwa karibu, aliinuka akaenda kutafuta kazi nyingine. Hadithi ilikuwa na kipande cha pili. Wabelgiji walipoondoka mbio, watu wa pwani waliingia Granoteli wakabeba wanachoweza: magodoro, vioo, visu na uma, na kuna waliobeba piano wakaiacha njiani. Koko pia alikwenda. Alipanda ngazi za mbele, akakitoa kibao kwenye msumari wake, akarudi nyumbani. Majirani walimcheka, mwanamke mzima anaacha magodoro analeta bati. Zakaria alimwuliza amebeba nini. Akamjibu, "Nimeleta sifa yetu." Babu alikitazama kibao, akamtazama mke wake, na jioni ile hakugusa cherehani wala chakula. Sehemu hii ilikuwa ikinichosha. Sikuona kwa nini mtu aletewe sifa yake akose hamu ya kula.

Babu alikufa miaka mingi kabla sijazaliwa. Kibao kikabaki.

Mvua zilipochacha walikuja wakimbizi wengine, wengi, waliotoka upande wa Boga na kulivuka bonde la Semliki kwa miguu. Walisimama chini ya ngazi za mbele, matope mpaka magotini, watoto wao wakitetemeka, hawathubutu kupanda. Miongoni mwetu sisi wa zamani palikuwa na manung'uniko. Vyumba vilikuwa vimejaa, chakula kilikuwa kidogo, na mtu aliyetangulia kukimbia siku chache tu tayari anajiona mwenyeji. Mama Katorze ndiye aliyelisema wazi.

"Koko, tosha ile kibao yako. Tutundike ku mulango. Weye mwenyewe unaona, nafasi haiko."

Koko alikuwa amekaa kwenye ngazi, mahali pake pa kila siku. Hakuinua kichwa.

"Ile kibao haiko ya benye kukimbia."

"Sasa iko ya nani?"

"Mwenyewe atakuya," Koko akasema. Akainuka, akawashukia wale watu, akampokonya mama mmoja mtoto aliyekuwa akilia, akatangulia naye ndani kwa lango la mbele. Wengine wakamfuata. Aliwaweka kwenye ukumbi wa dansi, tuliouita Salo, kwenye ile sakafu ya mbao iliyobaki. Mama Katorze alibamiza sufuria zake mpaka giza likaingia, lakini asubuhi nilimwona akipeleka uji Salo akiwa amenuna, na alikuwa ametia sukari.

Mimi nililielewa jambo lile bila shida. Wale watu walikuwa wamevaa matambara. Wangetundikiwaje kibao cha komple? Nilimwona Koko kuwa mtu mwenye haki.

Kisha kiangazi kikaja, na mwenyewe akaja.

Alifika mchana kwa jeep, na askari wawili nyuma. Alishuka, na mimi niliyekuwa nikicheza chini ya veranda nikaacha mchezo. Katika joto lile la ziwani, ambamo hata mbwa walikuwa wakijilaza ndani ya maji, yeye alivaa koti, kizibao na suruali za kitambaa kimoja cha rangi ya majivu, tai shingoni, viatu vinang'aa. Sikuwahi kuona komple ya namna ile. Alikuwa mfanyabiashara kutoka mjini, hatukuwahi kumwona kabla, na alizungumza na Koko akitazama paa.

"Mama, hii hoteli ni yangu sasa. Leta ilinipatia, karatasi yote iko. Nitaitengeneza, bageni ya maana bakuye tena kama zamani. Kesho nisikute humu mutu, ao mbuzi, ao muhogo."

Watu walianza kujitokeza madirishani. Milimani moshi ulikuwa bado unapanda, tuliuona kila asubuhi, na nyuma yetu kulikuwa na maji tu. Mama yangu alitoka akiwa na kisu cha samaki mkononi, akasimama nyuma ya Koko.

"Karibu, patron," Koko akasema kwa upole. "Unatafuta chambre ya kulala?"

"Chambre ya nini? Nimekuambia mi ndiye mwenye nyumba."

"Nimesikia. Lakini mutu akifika ku hoteli tunamuulizaka kwanza vile."

Hapo ndipo niliona kwamba Koko amezeeka na amesahau. Mtu amesimama mbele yake na komple ya kutisha uzuri, tena amekasirika, na hakuna anayemsifu. Nikawaza kwamba akisifiwa, labda atalainika. Nikakimbia mpaka Nefu, nikavuta kibao chini ya mkeka, nikarudi mbio nikapenya katikati ya watu. Nikasimama mbele ya yule mkubwa, nikakiinua kibao juu ya kichwa changu kwa mikono miwili, nikamwambia kwa sauti niliyoitumia kanisani:

"Komple!"

Alisoma. Uso wake ulibadilika, nami nikadhani ni furaha. Askari mmoja alikohoa, akageuka haraka kutazama ziwa, mabega yakimcheza. Koko alikitazama kibao. Alikitazama muda mrefu, halafu akanitazama mimi, na akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwenye hadithi ya arusi. Akakichukua mikononi mwangu, akapanda ngazi, akakitundika kwenye msumari wa pembeni mwa lango. Msumari ulikuwepo. Miaka yote ile, baada ya Leta na samaki na askari na mbuzi, msumari ulikuwepo.

"Mutoto amekujibu, patron. Ni komple. Chambre haiko."

"Mama, ni mimi unaniambia komple? Ku hoteli yangu?"

"Haiko mimi. Hii hoteli ilisemaka vile tangu zamani. Siku ile ilituambia siye. Leo imekuambia weye."

Akakaa tena kwenye ngazi, katikati, akajikunja kikwembe vizuri. Mama akaweka kisu chini, akakaa kando yake. Juu yetu dirisha likagonga, na nikasikia ile sauti ya kufukuza viboko.

"Hata ku katorze ni komple, patron."

Halafu sauti ya mwanamume kutoka upande mwingine: "Disi, komple."

"Duze, komple."

"Seti, komple, na mbuzi iko ndani."

Walikuwa wakishuka huku wakisema, wakija kukaa kwenye ngazi mmoja baada ya mwingine, mpaka ngazi zile pana hazikuwa na mahali pa kuweka kiatu. Na kutoka Salo akajitokeza mzee mmoja wa wale waliokuja na mvua, mtu ambaye hakuwa amesema maneno mawili tangu afike. Alijikokota mpaka langoni, akashika nguzo.

"Salo pia," akasema. "Komple."

Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri wanajibu mapigo. Yule mtu amekuja kuturingia na nguo zake, na watu wetu, Mama Katorze mwenye kikwembe kilichotoboka, yule mzee mwenye shati lisilo na mikono, wanamwambia usoni kwamba na sisi tumevaa komple. Kila mmoja, chumba kwa chumba. Nilijaa fahari mpaka nikataka kulia. Nilijitazama gauni langu lililoshonwa kwa gunia la msaada, nikakaa kwenye ngazi nikavuta magoti, nikaungana nao.

Mkubwa aliwaambia askari wake wapande. Wale askari walitazama ngazi zile, akina mama waliokaa wakiwa na watoto mapajani, wakatazamana. Yule aliyekohoa akasema kwa Kilingala kitu ambacho sikukielewa, na jeep ikaondoka na vumbi lake. Alirudi tena baada ya muda, na magari mawili. Akatukuta kwenye ngazi, safari hii watu wamevaa nguo zao za Jumapili, wale waliokuwa nazo, na kibao kiko mahali pake. Mara ya tatu alimtuma mtu, na mtu huyo aliishia kununua samaki. Baada ya hapo hatukumwona. Sisemi tulimshinda. Vita vilikuwa vikigeuka kila wiki, labda alipata nyumba nyingine yenye watu wachache. Lakini nasema hivi: hatukutoka siku aliyotaka yeye.

Tulitoka siku tuliyotaka sisi, Bunia ilipotulia na mjomba akatuletea habari kwamba kuna mahali pa kukaa. Asubuhi ile mama alifunga vitu, na Koko akakitoa kibao msumarini. Kisha akakivaa kile kikwembe alichofungia kibao tulipokimbia, ambacho ndicho cha arusi yake. Libaya lake lilikuwa limekwisha kuchakaa siku nyingi. Kikwembe peke yake kilibaki, rangi imekimbia, mshono wa pindo bado umenyooka.

Akaniita nje, veranda. Alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja kibovu, amekivuta mpaka ukingoni, mbele yake boksi la mbao limekuwa meza. Mgongo wima, mikono mapajani.

"Kuya uniulize minataka nini," akaniambia.

Nikaona ni mchezo. Nikaja kwa mwendo wa madaha. "Unataka nini, Mama?"

"Limonadi mbili."

Limonadi tungeitoa wapi. Nikaleta vikombe viwili vya plastiki vyenye maji ya ziwa tuliyochemsha. Nilidhani cha pili ni changu, nikanyoosha mkono. Akaurudisha mkono wangu taratibu, akakiweka kikombe kile upande wa pili wa boksi, ambapo hapakuwa na kiti. Nilinuna. Alikunywa chake polepole akitazama maji, na pirogi za wavuvi zilizokuwa zikirudi. Kisha akanywa na kile cha pili, mpaka chini.

"Sasa tumekaa," akasema.

Akainuka, na tukashuka ngazi za mbele.

Bunia mama alinipeleka kuniandikisha shule. Tulivaa tulichokuwa nacho, mimi lile gauni la gunia, yeye kikwembe na shati la mwanamume. Mkurugenzi wa shule hakutuambia tukae. Alisema, bila kuinua macho, "C'est complet, maman."

Nilifurahi kupita kiasi. Mtu mkubwa kama yule, na ametuona, na ametusifu. Nikasema, "Merci, Monsieur," kwa adabu zangu zote. Mama alinivuta nje kwa nguvu mpaka bega likaniuma. Njiani nilimwuliza kwa nini tunarudi nyumbani ikiwa tumesifiwa. Alizidi kunivuta mkono. Kisha, katikati ya barabara, pikipiki zikitupigia honi huku na huku, akanieleza neno lile linasema nini. Pamejaa. Nafasi haiko. Nendeni.

Nikasimama. Nilirudia yote kichwani, nikianzia nyuma: wazee wetu kwenye ngazi, chumba kwa chumba, wakimbizi wa mvua, babu Zakaria mbele ya veranda, ndani ya koti aliloshona kwa mikono yake, akisoma, akinyamaza kidogo, akitafuta cha kumwambia mke wa siku moja. Niliona aibu, halafu aibu ikawa hasira, na hasira hiyo, niwaambie ukweli, sijawahi kuirudisha.

Jioni nilimkuta Koko akichambua maharagwe. Nikamwuliza kama alijua.

"Kujua nini?"

"Komple. Kama muzee alikudanganya."

Aliendelea kuchambua. Jiwe moja, akalitupa. Punje mbovu, akaitupa.

"Mi niliona meza, Sifa. Meza ilikuwa bule, batu habako. Nilikuwa na macho, hata kama sikujua kusoma." Akapuliza makapi. "Muzee wako alikuwa fundi. Aliona shimo, akashona. Sasa mi nipasue tena juu ya nini?"

Hakulizungumza tena mpaka alipofariki. Na mimi nilipata shule nyingine, kwa sababu asubuhi iliyofuata Koko mwenyewe alikwenda kukaa kwenye ngazi za shule hiyo mpaka wakachoka kumruka.

Miaka hii ziwa limepanda. Walioshuka huko wananiambia kwamba maji yameingia veranda, yamefunika ngazi zote, na wavuvi wanafunga pirogi zao kwenye nguzo. Granoteli imepata mgeni ambaye hakuna mtu wa kumtundikia kibao. Sikusikitika sana. Ngazi zile zilikwisha kufanya kazi yake.

Na milimani watu bado wanakimbia. Wengine hufikia kwangu na mafurushi yao, ndugu wa kweli na ndugu wa kujifanya. Mume wangu huwapokea vizuri, lakini nikimtazama namwona anahesabu magodoro kwa macho. Hatuhesabu kwa mdomo. Ndiyo maana kibao kiko nyuma ya mlango, tena kimegeukia ukuta, ili mtu anayeingia na mtoto mgongoni asikione.

Juzi binti yangu, ambaye anajua kusoma na anajua Kifaransa kunishinda, aliniuliza kuhusu msumari. Upo nje, pembeni mwa mlango wa mbele, niliupigilia mwenyewe siku tuliyohamia, na hakuna kitu kilichowahi kutundikwa hapo. Aliona ajabu.

"Mama, ile musumari iko ya nini?"

Nikamwambia, "Mwenyewe atakuya."